Ndege Iliyotegemea Mbio

Mwaka 1937 Japani iliishambulia China. Urusi iliisaidia China kwa kuipa ndege za mabomu zilizoitwa SB. Ndege hizo zilikuwa na mbio sana. Marubani wa Japani walipata taabu kuzifukuza.

Wakuu wa jeshi la Japani wakataka ndege ya namna hiyo. Kazi hiyo kilipewa kiwanda cha Kawasaki. Fundi mkuu alikuwa Takeo Doi. Ndege mpya iliitwa Ki-48. Iliruka mara ya kwanza mwezi Julai 1939. Mkia wake ulitikisika, mafundi wakaurekebisha.

Ki-48 ilikuwa na injini mbili na ilichukua watu wanne. Iliweza kwenda kilomita 480 kwa saa. Basi lendalo kilomita 80 kwa saa lingetumia saa 6 kwa mwendo huo. Kinga kubwa ya ndege hii ilikuwa mbio zake. Kwa hiyo ilipewa bunduki tatu tu za rashasha, na matangi yake ya petroli hayakukingwa.

Mwaka 1940 ilianza kazi huko China. Wachina walikuwa na ndege chache za kuikabili. Ilipiga mabomu, ikarudi salama. Wakuu wakaridhika.

Desemba 1941 Japani ilianza kupigana na Marekani na Uingereza. Hawa walikuwa na ndege za kivita zenye mbio kuliko Ki-48. Tangi likipigwa risasi, ndege iliwaka moto. Mwaka 1942 ikaja Ki-48 ya pili, yenye vyuma vya kuwakinga watu. Lakini mbio zake zilifika kilomita 505 tu. Mara nyingi ikabidi iruke usiku. Agosti 1943 Wamarekani walizivamia ndege za Japani huko Wewak, New Guinea. Nyingi ziliteketea zikiwa chini.

Oktoba 1944 kiwanda kiliacha kutengeneza Ki-48. Zilikuwa karibu 2,000. Jeshi liliona kuwa ndege hiyo imepitwa na wakati. Hata hivyo, baadhi zilipakiwa mabomu ya kilo 800. Vijana waliamriwa kuzigonga kwenye meli za adui na kufa humo humo.

Ndugu msomaji, chombo cha jana kilishindwa na kazi ya leo. Waliolipa ni vijana waliopandishwa humo, na watu walioangushiwa mabomu.

Maswali
1. Kwa nini Ki-48 ilipewa bunduki chache?
2. Kwa nini ilifaulu China, ikashindwa baadaye?
3. Taja chombo cha kazi kijijini kwenu kilichopitwa na wakati. Nani anaumia kikiendelea kutumika?