WASIOONEKANA KATIKA SINEMA

Somo: Warumi 16:1–16



Wengi wetu habari za Wamarekani weusi waliodai haki zao tumezipata katika sinema na televisheni. Hadithi yenyewe huwa fupi. Mshonaji aliyechoka kwa kazi, Rosa Parks, alikataa kumpisha mzungu kiti katika basi. Kisha Mchungaji Martin Luther King akahubiri, na mambo yakabadilika. Hadithi hiyo si uongo mtupu, lakini ina mapengo makubwa. Tuyatazame.

Mahali ni Montgomery, jimbo la Alabama, tarehe 1 Desemba 1955. Bibi Parks hakuwa mtu aliyechoka tu. Tangu mwaka 1943 alikuwa katika chama cha kutetea haki za weusi, akawa katibu wa tawi la mji ule. Miezi tisa kabla yake, msichana wa miaka 15, Claudette Colvin, alikamatwa kwa kukataa vivyo hivyo. Usiku ule Bibi Parks alipokamatwa, mwalimu Jo Ann Robinson na wenzake walikesha wakichapa maelfu ya vikaratasi kwa mashine ya kurudufu, kuwaomba watu wasipande mabasi. Ndipo, mgomo ulipokwisha kuanza, Mchungaji King, kijana wa miaka 26, alipochaguliwa kuuongoza.

Watu walitembea kwa miguu, au walipeana nafasi katika magari, siku 381. Mpishi Georgia Gilmore na kina mama wenzake walipika na kuuza chakula ili mgomo upate fedha. Na kesi iliyoivunja sheria ile katika Mahakama Kuu ya Marekani, Novemba 1956, ilikuwa ya wanawake wanne, Claudette akiwa mmojawao. Bibi Parks hakuwamo.

Tutazame pia filamu iitwayo Mississippi Burning, ya mwaka 1988. Inatokana na mauaji ya vijana watatu waliokuwa wakitetea haki hizo mwaka 1964: James Chaney, mweusi, na wazungu wawili, Andrew Goodman na Michael Schwerner. Mashujaa wa filamu ni wapelelezi wawili wazungu wa serikali. Weusi karibu wote wanaogopa na kungoja kuokolewa. Kumbe weusi wa jimbo lile walikuwa wakihatarisha maisha yao ili waandikishwe kupiga kura. Na idara hiyo hiyo ya upelelezi ilikuwa ikisikiliza kwa siri simu za Mchungaji King.

Ndugu, hasara yake ni nini? Hadithi ya shujaa mmoja hutufundisha kungoja. Tukiona dhuluma kijijini au kazini, twasema, "Hatuna mtu kama King." Lakini watu wa Montgomery hawakumngoja. Walianza na vikaratasi, sufuria na miguu yao.

Mtume Paulo alipomaliza waraka wake kwa Warumi hakusahau majina: Fibi, Priska, Akila na wengine wengi. Sisi nasi tujifunze kuuliza, kila tuonapo sinema ya namna hii: ni nani wameachwa nje?

Maswali ya kujadiliana:

1. Kanisa letu lilijengwa na akina nani? Majina yao yameandikwa wapi?
2. Ni jambo gani la haki tunalolingojea shujaa, nasi twaweza kulianza?