Otomati Ikinyamaza, Anza Kuangalia Wapi?

Viwandani Likasi, kuanzia Shituru hadi karakana za Panda, pampu ikisimama bila sababu inayoonekana, wa kwanza kulaumiwa ni otomati: kile kidhibiti kidogo kinachokaa ndani ya kabati la umeme. Mara nyingi kinasingiziwa. Kosa huwa kwenye waya, kihisi, fyuzi au kwa mtu.

Kiwanda cha Shituru kilipoanza kuzalisha shaba mwaka 1929, chini ya kampuni ya madini ya Union Minière, otomati hazikuwepo bado. Hata baadaye viwanda duniani viliendeshwa kwa makabati yaliyosheheni relei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, na kubadilisha hatua moja ya kazi kulimaanisha kufunga upya nyaya nyingi. Mwaka 1968 kampuni ya magari ya General Motors, huko Marekani, ilitaka kifaa cha kuondoa adha hiyo, na kundi la Dick Morley likatengeneza Modicon 084. Otomati za leo bado zinafuata mwendo uleule: husoma ishara za vitufe na vihisi, hupitia programu, hutoa amri kwa mota na vali, kisha huanza upya, yote kwa milisekunde chache.

Basi kabla ya kumwita fundi, fungua macho, si kabati. Taa ya RUN ikiwaka kijani, programu inaendelea, na huenda otomati inasubiri ishara fulani ambayo haijafika. Tazama vipimo pia. Vihisi vingi vya kina au shinikizo hutuma mkondo wa miliampia 4 hadi 20, ambapo 4 ndiyo sifuri ya kipimo. Mkondo ukianguka hadi miliampia 0, usiseme tangi ni tupu. Waya umekatika au kihisi hakipati umeme. Kwenye vyumba vya elektrolisisi, ambako mvuke wa asidi hula vichwa vya nyaya, hilo ndilo la kushuku kwanza.

Kitufe chekundu cha dharura kinahitaji maneno zaidi. Kimeungwa kwa namna kwamba umeme hupita wakati wote hakijabonyezwa. Ukikibonyeza, au waya wake ukikatika, mashine inasimama. Ndiyo maana waya mbovu wa kitufe huudhi sana, na ndiyo maana kuna watu hufunga kipande cha waya juu yake ili kazi iendelee. Anayefanya hivyo anaondoa kinga ya mkono wa mwenzake. Vivyo hivyo kulazimisha ishara kupitia kompyuta: kwenye otomati ya Siemens S7-300, kwa mfano, taa ya njano ya FRCE huonyesha kuna ishara iliyolazimishwa. Ukiikuta inawaka mwanzoni mwa zamu, uliza nani ameiweka na kwa sababu gani, kabla hujagusa chochote.

Kisha umeme wenyewe. Unapokatika kwa mgawo na kurudi kwa kishindo, au radi inapopiga msimu wa mvua, kadi za otomati huungua. Kinga ya mipigo ya umeme na betri ya kusubiri hugharimu kidogo kuliko siku moja ya kiwanda kusimama. Na umeme ukirudi, mashine haipaswi kuanza yenyewe. Lazima mtu abonyeze kuiwasha. Kama yako huanza peke yake, itangaze kuwa hatari leo hii.

Upande wa skrini za waendeshaji, nasema bila kusita: skrini nyingi zinapigia kelele kila kitu. Kengele mia zikilia pamoja, hakuna inayosikika. Miongozo ya kazi hii hulenga takriban kengele moja kila dakika kumi kwa mwendeshaji mmoja. Na kwa nini ujumbe uwe wa Kifaransa kigumu wakati zamu nzima inazungumza Kiswahili? Maandishi ya skrini hubadilishwa ndani ya programu. Ni suala la kuomba tu.

Wamiliki wa karakana, msilipe malipo ya mwisho kwa mfungaji kabla hajawakabidhi nakala ya programu, nywila zake na michoro ya nyaya. Akiondoka navyo, siku kadi ikiungua mtaanza kuandika programu kutoka mwanzo.