Kula Nje Jijini Dar es Salaam: Somo kwa Mwenye Kisukari au Shinikizo la Damu na kwa Anayemhudumia

Utangulizi

Kwa wakazi wengi wa Dar es Salaam, kula nje si anasa. Kondakta wa daladala anayeondoka Mbagala kabla ya alfajiri, mpagazi wa Kariakoo, karani wa Posta na muuguzi anayetoka zamu ya usiku hawana budi kula walau mlo mmoja wa siku kutoka katika chungu kisicho cha nyumbani mwao. Mgonjwa anapoambiwa kliniki kwamba asile nje, huwa amepewa ushauri asioweza kuufuata. Huitikia kwa adabu, huendelea kula pale alipozoea, na katika hudhurio lijalo huficha. Sukari hubaki juu, dawa huongezwa, na chanzo hakijulikani.

Somo hili linalenga kumwezesha msomaji kutambua faida na hatari za sehemu mbalimbali za kulia chakula jijini, kuagiza chakula kinachomfaa bila kuona haya, na kujikinga na kushuka kwa sukari wakati akisubiri chakula.

Sahani iliyo sawa

Kipimo chepesi kinachofundishwa kwa wenye kisukari ni cha sahani. Nusu yake iwe mboga, robo iwe chakula cha protini kama samaki, kuku, nyama au maharage, na robo iliyobaki iwe chakula cha wanga kama ugali, wali, ndizi au viazi. Maharage nayo yana wanga, lakini nyuzinyuzi zake huufanya umeng'enywe polepole. Sahani nyingi za mgahawani zimepangwa kinyume chake: wali hujaa pomoni, na mboga huwekwa kijiko kimoja pembeni kama pambo. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina takriban gramu 45 za wanga, na sahani ya kawaida ya mchana huweza kuzidi vikombe viwili.

Kwa chumvi, Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai kwa milo yote. Anayekula nje hukutana na chumvi asiyoiona: katika supu, katika unga na vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi, katika achari, na katika sosi ya soya. Ndiyo maana mgonjwa wa shinikizo la damu huweza kusema kwa ukweli kwamba hajagusa kichupa cha chumvi mezani, ilhali amekwisha kula chumvi ya siku nzima.

Sehemu za kulia na yaliyomo ndani yake

Mama lishe. Wengi huzitazama sehemu hizi kwa wasiwasi, lakini kwa mgonjwa mara nyingi ndizo zenye uchaguzi mzuri: maharage, dagaa, samaki wa mchuzi, mchicha, matembele, kisamvu na ugali wa dona pale unapopatikana. Tena mpishi mwenyewe ndiye anayepakua, kwa hiyo anaweza kuombwa. Kauli kama "Mama, naomba unipunguzie wali, uniongezee mchicha" inatosha. Hakuna ulazima wa kutaja ugonjwa mbele ya wateja wengine. Hatari kubwa hapa ni usafi, jambo litakaloelezwa mbele.

Vibanda vya chipsi. Chipsi mayai huunganisha viazi vilivyokaangwa, mayai na mafuta mengi katika sahani moja, wala hakuna mboga. Anayekosa pengine pa kula ataagiza mishikaki au kuku wa kuchoma, chipsi nusu sahani, na kachumbari ya kutosha isiyotiwa chumvi. Mafuta yaliyokaangia mara nyingi hadi kuwa meusi na mazito ni dalili ya kutafuta kibanda kingine.

Nyama choma na supu. Nyama ya kuchoma haihitaji mafuta ya kuongeza, lakini kiasi chake aghalabu huwa kikubwa na chumvi hunyunyizwa juu yake wakati wa kuliwa. Mteja aombe chumvi iletwe kando. Supu ya asubuhi, hasa ya kongoro au utumbo, huwa na mafuta na chumvi. Ikiambatana na chapati mbili hugeuka kuwa mlo mzito kuliko inavyodhaniwa.

Feri na ufukwe wa Coco. Samaki wabichi wa soko la Feri ni neema kwa moyo, iwapo watachomwa au kupikwa mchuzi badala ya kuzamishwa katika mafuta. Mihogo ya Coco ni chakula cha wanga. Iliyochomwa ni bora kuliko ya kukaanga, na inapoliwa haipasi kufuatwa na chakula kingine cha wanga.

Migahawa ya Kihindi ya Kisutu na Upanga. Humo hupatikana dengu, choroko, njegere na mboga zilizopikwa kwa namna nyingi, jambo linalowafaa wasiokula nyama. Tahadhari ni kwa samli, vitafunwa vya kukaanga kama sambusa na bajia, achari, na mikate inayopakwa siagi. Biriani na pilau, humo na kwingineko jijini, viliwe kwa kipimo kile kile cha robo sahani.

Migahawa ya Kichina na ya kimataifa, hasa ya Masaki na Oysterbay. Mboga za kukaangwa haraka ni nzuri, bali sosi zake zina chumvi nyingi. Mteja aombe sosi iwe kidogo. Katika bufee, kanuni ni kuzunguka meza mara moja bila sahani, kuchagua, kisha kupakua mara moja tu, akianza na mboga.

Vinywaji. Soda ya kawaida ina takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 hukaribia vijiko tisa vya chai. Juisi ya miwa, na ya ukwaju iliyotiwa sukari, hazina nafuu kubwa. Maji salama ndiyo kinywaji cha kwanza. Mwenye ugonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu asidhani kwamba madafu, kwa kuwa ni ya asili, hayana madhara kwake.

Hatari ya kusubiri

Jambo linalosahauliwa zaidi ni muda. Chukua mfano wa mgonjwa anayetumia insulini. Ameingia mgahawani saa saba mchana, ameagiza biriani, akajidunga sindano akitarajia chakula baada ya dakika chache. Mgahawa umejaa, saa nane kasoro chakula hakijafika. Anaanza kutetemeka na kutoka jasho, moyo unamwenda mbio, kisha anaongea maneno yasiyoeleweka. Walio karibu wanadhani amelewa. Bila msaada wa haraka huweza kupoteza fahamu, kupata degedege, hata kufa.

Kanuni ni hii: anapokula nje, mgonjwa asijidunge insulini ya mlo mpaka chakula kiwe mezani au awe na hakika kwamba kinakuja. Ni afadhali insulini ichelewe kidogo kuliko chakula kichelewe. Tahadhari hiyo hiyo inamhusu anayemeza glibenklamaidi na dawa za kundi lake, kwani nazo huweza kushusha sukari hata kama mtu hajala.

Dalili zikitokea, apewe papo hapo gramu 15 za sukari: vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari katika maji, au mililita 150 za soda yenye sukari. Soda iliyokatazwa katika aya zilizotangulia hapa ni dawa. Dakika 15 zikipita bila nafuu, arudiwe. Akipata nafuu, ale chakula. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu chochote mdomoni, bali alazwe ubavu na kukimbizwa hospitali. Inafaa mgonjwa atembee na sukari mfukoni, na anayekula naye ajue hali yake.

Usafi wa chakula

Vijidudu huongezeka kwa kasi katika chakula kilicho kati ya nyuzijoto 5 na 60. Chakula kilichopikwa hakipasi kukaa katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Wali nao si salama kwa sababu tu umepikwa. Vijidudu vya bakteria fulani huweza kustahimili mchemko na kuzaliana wali unapoachwa upoe taratibu. Mteja atazame: je, chakula kinatoa mvuke kinapopakuliwa? Je, kimefunikwa? Je, kuna maji yanayotiririka na sabuni? Je, anayepokea fedha ndiye anayeshika chakula kwa mkono uleule?

Nyakati za mlipuko wa kipindupindu, kachumbari, matunda yaliyokwisha kumenywa na barafu viepukwe. Chakula cha moto na tunda linalomenywa na mlaji mwenyewe ndivyo salama. Mjamzito asile nyama yenye damu wala mayai mabichi. Kwa mwenye kisukari, kuhara na kutapika ni jambo zito, kwa kuwa huvuruga sukari na kukausha maji mwilini. Awahi kituo cha afya.

Kwa mhudumu wa afya

Kabla ya kutoa orodha ya vyakula vilivyokatazwa, mhudumu aulize maswali matatu: Unakula wapi? Unakula saa ngapi? Nani anapakua? Majibu yataonyesha badiliko moja linalowezekana, nalo liandikwe katika kadi na kufuatiliwa. Anayetumia wafarini asikatazwe mchicha. Aelezwe kwamba ale kiasi kisichobadilika sana wiki hadi wiki, ili kipimo cha dawa kisiyumbe. Anayetumia metifomini akumbushwe kuimeza pamoja na chakula. Ushauri uzingatie mfuko wa mgonjwa: maharage na matembele ya mama lishe ni matibabu anayoweza kuyalipia kila siku.

Maswali ya kujipima

1. Taja vyanzo vitatu vya chumvi isiyoonekana katika chakula cha mgahawani.
2. Mgonjwa anayetumia insulini ameagiza chakula kinachochukua muda kupikwa. Ajidunge lini, na kwa nini?
3. Rafiki yako mwenye kisukari anatetemeka na kutoka jasho akisubiri chakula. Utampa nini, kiasi gani, na utafanya nini baada ya dakika 15?
4. Fikiri sehemu unayokula mara nyingi. Ni ombi gani moja utakalompa mpishi kesho?