Si kila makala ni ya kusoma hadi mwisho

Mdogo wangu,

Pole. Unaandika tasnifu ya uzamili kuhusu chanjo ya malaria, msimamizi anadai mapitio ya machapisho, na lundo la makala halipungui. Kila moja unaisoma neno kwa neno, unapigia mistari karibu kila sentensi, na ukifika ukurasa wa nne wa kwanza umeshausahau. Sasa unaniuliza kama kweli una kichwa cha shule.

Kichwa unacho, tena kizuri, kwa hiyo acha kujitukana. Ila unasoma makala za utafiti kama riwaya, ukiamini kwamba kuruka kurasa ni uvivu. Nani kakwambia? Mwaka 2007 S. Keshav, mwanasayansi wa kompyuta aliyekuwa akifundisha Kanada, alichapisha waraka mfupi akishauri makala isomwe kwa awamu tatu. Ya kwanza ni dakika tano hadi kumi: kichwa, ikisiri, utangulizi, vichwa vidogo, hitimisho, na kutupia jicho marejeo. Nyingi ziishie hapo, na hutakuwa umemkosea mtu. Ya pili huchukua kama saa nzima. Ya tatu, ya kuchambua kila kitu, anayeanza anaweza kumaliza saa nne au tano. Makala ngapi zinastahili hizo saa zako? Chache sana.

Chukua ile makala ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, iliyotoka kwenye The Lancet mwaka 2015, yenye watoto 15,459, wakiwemo wa Bagamoyo, Korogwe na Kilifi. Ingia na swali lako mkononi: chanjo ilizuia malaria kwa kiasi gani? Kwa walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17, utakuta asilimia 28.3 kwa dozi tatu na 36.3 kwa waliopata ya nne. Simama hapo. Walilinganishwa na nani? Walifuatiliwa muda gani? Na wachanga zaidi, je? Majibu yatafute kwenye mbinu na majedwali, kisha funika karatasi uandike sentensi tatu kwa maneno yako. Hizo ndizo zitakazoingia kwenye tasnifu. Mistari ya kalamu haiingii.

Halafu hii hofu ya kumsumbua msimamizi, iache. Mpelekee orodha yako ya makala, mwombe akuchagulie tano za kusoma kwa kina. Wengi hufurahi mwanafunzi akija na swali la namna hiyo, na wewe utalala mapema wiki hii.