Kifutu hakukimbia. Alikuwa mpole?

*Tulikuwa tunapanda vilima vya Uluguru nikamwona kifutu kando ya njia. Nilichuchumaa na simu, hatua moja tu kutoka kwake, nikampiga picha tatu. Hakusogea. Je, alikuwa mpole au nilicheza na kifo?*
*Msomaji, Morogoro*

Ulicheza nacho, ndugu yangu, ila umepona. Kifutu hategemei mbio, anategemea rangi. Mabaka yake humfanya afanane na majani makavu, naye hutulia hapo akivizia panya. Ndiyo maana wengi humkanyaga. Akiudhika huvimba na kufoka, lakini si lazima akuonye, na pigo lake ni la kufumba na kufumbua.

Safari ijayo simama hatua tano au zaidi, uvute picha kwa kamera. Usichuchumae: uso unashuka usawa wake, na kurudi nyuma kunakuwa kugumu. Kijiti cha kumchokoa ili ainue kichwa kiache kabisa (najua picha hizo hupendwa). Kwa swila wa kutema, ongeza umbali na uvae miwani. Sumu ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi, usisugue, kisha uende hospitali.

Ukiumwa, vua pete na saa kabla hujavimba, usiutumie mguu au mkono ulioumwa, uwahishwe hospitali hata kama maumivu ni kidogo. Usichanje, usifyonze, usifunge kamba. Kama tayari una picha, mwonyeshe daktari. Nyoka mwenyewe mwacheni huko huko.