Uvimbe Usiouma

Leo nataka kueleza habari za ugonjwa ambao shuleni hatukufundishwa, labda kwa sababu ya haya. Nao ni kansa ya matiti, ambayo wengine huiita saratani.

Mimi ni mzaliwa wa Kigwena, kusini mwa Rumonge, kando ya barabara iendayo Nyanza-Lac. Shangazi yangu hukamua mawese huko. Siku moja alipokuwa akioga aligusa uvimbe katika titi la kushoto, mdogo kama kokwa la mchikichi. Haukumwuma, na kwa kuwa haukumwuma alinyamaza miezi 4. Halafu akaenda zahanati, akapewa dawa ya jipu. Akarudi, akapewa dawa ile ile. Simlaumu sana yule aliyempa, maana majipu ni mengi kwetu na kansa alikuwa hajaiona.

Kansa ni nini? Mwili umejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Chembe nzima huzaana kwa kipimo, na ikichakaa hufa. Chembe ya kansa huzaana pasipo kipimo. Mara nyingi hapo mwanzo hakuna maumivu hata kidogo, na hapo ndipo watu hudanganyika. Baadaye chembe hizo husafiri mpaka kwapani, mifupani, mapafuni na katika ini. Ugonjwa huu si uchawi, wala hauambukizi. Wanaume nao huupata, ila kwa nadra. Mwaka 2022 wanawake 2,300,000 hivi waligunduliwa kuwa nao duniani, na 670,000 walikufa.

Basi, mtu atajuaje kama ni jipu au ni kansa? Kupapasa hakutoshi. Daktari huchoma sindano nene, huchukua kipande chembamba cha nyama na kukitia katika dawa iitwayo formalini kisioze. Kisha kipande hukatwa vipande vyembamba mno, hutiwa rangi, na mtaalamu hukitazama kwa darubini. Bila jibu lake haifai kuanza matibabu. Tena kipande hicho hicho chaweza kuonyesha kama uvimbe hulishwa na homoni. Ikiwa ndivyo, mgonjwa hupewa vidonge vya tamoksifeni, kimoja kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Si dawa ya gharama kubwa.

Jirani zetu wa Rwanda, ambao vilima vyao vyafanana na vyetu, walifungua kituo cha kansa katika hospitali ya Butaro mwaka 2012. Hapo mwanzo vipande vya nyama vilipelekwa mpaka Boston, Marekani! Uchunguzi uliotolewa mwaka 2015 ulihesabu siku za wagonjwa 144 wa Butaro na Rwinkwavu. Nusu yao walikuwa wamekaa nyumbani miezi 5 au zaidi. Hilo halikunishangaza. Lakini nusu pia walipoteza miezi 5 au zaidi baada ya kwisha kuonana na mganga, wakizungushwa kutoka mlango hadi mlango kabla ya kuambiwa jina la ugonjwa wao. Ndiyo maana wauguzi wa vituo vya afya vya Burera walifundishwa kupapasa matiti na kumpeleka mgonjwa mbele upesi.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wake, na kipimo kimoja ni hiki: tangu mgonjwa aje mara ya kwanza hata ajue ugonjwa wake, zisizidi siku 60.

Mimi nilihesabu za shangazi. Kipande chake kilikaa siku 12 kabatini kikingoja gari la kwenda Bujumbura. Jibu lilipofika, tangu siku ile ya dawa ya jipu, zilikuwa zimepita siku 143, na kansa ilikuwa imekwisha kuingia kwapani. Alikatwa titi. Sasa humeza kidonge chake kila asubuhi kabla ya kuwasha moto wa mawese, na binti zake wawili amewafundisha kujipapasa. Yule muuguzi wa zahanati naye alimwomba amweleze uvimbe ule ulikuwaje mkononi. Akamwambia: mgumu, hautelezi, hauumi.