SOMO: KAZI IBAKIYO MTUMISHI AONDOKAPO

Watu wengi hudhani ya kuwa umaskini wa vijijini waweza kuondolewa kwa kuleta mali kutoka mbali. Mali yafaa, wala hatuidharau; lakini mali iletwayo pasipo watu wa kuitunza hupotea upesi, kama maji ya mvua yapitayo juu ya mwamba. Leo twataka kujifunza habari za VISTA, utumishi wa kujitolea wa nchi ya Marekani, tupate kujua ni kazi gani imfaayo kijana aingiaye katika utumishi wa namna hii, na ni kazi gani isiyodumu.

1. Asili yake. Mwaka 1961 Serikali ya Marekani ilianza kuwatuma vijana wa kujitolea katika nchi za ng'ambo, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuwapokea. Mwaka 1963 Rais John F. Kennedy alitoa shauri kwamba wawepo na wengine wa kuwatumikia maskini wa Marekani yenyewe. Aliuawa mwaka ule ule, kabla shauri lake halijatimia. Rais Lyndon Johnson aliyemfuata alitia sahihi sheria ya kupigana na umaskini tarehe 20 Agosti, 1964, na mwezi wa Desemba watumishi 20 wa kwanza wakapokewa. Mwaka 1965 ulipokwisha, watumishi walikuwa wamezidi 2,000. Mwaka 1993 VISTA iliunganishwa na utumishi mkubwa zaidi uitwao AmeriCorps.

2. Masharti ya kuingia. Aingiaye sharti awe ametimiza miaka 18, na akubali kutumika mwaka mzima. Hupewa posho ya chakula na malazi, tena ndogo, ili maisha yake yalingane na maisha ya wale anaowatumikia. Hapo mwanzo aliwekewa pia dola 50 kila mwezi, akazipokea alipomaliza kazi yake. Mtu akiuliza sababu ya posho kuwa ndogo, jibu si gumu. Alalaye katika nyumba inayovuja hana haja ya kuelezwa maana ya paa bovu, na mwenyeji hatamwonea haya kumwambia shida zake.

3. Kazi ya kwanza. Mashariki mwa Marekani iko milima iitwayo Appalachia, na sehemu yake moja imo katika jimbo la Kentucky. Ardhi ya milima hiyo ina makaa ya mawe mengi sana, walakini wenyeji wake wengi walikuwa maskini. Mwaka 1964 wanafunzi wa vyuo walianza kwenda huko kutengeneza shule ndogo za chumba kimoja. Walipaka rangi, wakaziba matundu ya kuta na kutia madirisha. Kutokana na kazi hiyo kiliundwa chama kilichoitwa Appalachian Volunteers, ambacho baadaye kilipokea fedha ya Serikali kuu na kupangiwa vijana wa VISTA.

Kazi ya rangi ilikuwa njema, lakini haikugusa shina la jambo. Mtoto aliyesoma katika chumba chenye rangi mpya alirudi jioni katika nyumba ile ile ya baba asiye na kazi. Vijana wakaanza kuuliza: Imekuwaje nchi yenye utajiri namna hii kuwa na watu maskini namna hii?

4. Shina lenyewe. Zamani, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wanunuzi wa makaa walipita milimani wakanunua haki ya madini yaliyo chini ya mashamba, kwa bei ndogo sana. Wengi waliouza hawakujua kusoma, wakatia alama tu katika hati. Miaka mingi baadaye zilipokuja mashine kubwa, wenye hati hizo waliweza kupasua mlima kutoka juu na kuharibu shamba, na mwenye shamba asiwe na la kusema, kwa kuwa mahakama za Kentucky ziliwapa haki.

Mwaka 1967, katika wilaya ya Pike, mkulima mmoja alisimama mbele ya tingatinga lililokuja kuchimba shamba lake. Majirani wakasimama pamoja naye, na watu wa chama kile wakawasaidia kuyapanga mambo yao. Gavana akaifuta ruhusa ya kuchimba mahali pale. Walakini hazikupita siku nyingi, mtu mmoja wa chama kile na wengine wakakamatwa kwa shtaka la uchochezi. Mwaka ule ule mahakama ya Serikali kuu ilitamka kwamba sheria iliyotumiwa kuwakamata haikupatana na katiba, wakaachiliwa. Hata hivyo chama kiliandamwa na maadui wengi, na gavana yule yule akaomba kisipewe tena fedha ya Serikali.

5. Lililobaki. Je, kazi yao ilipotea? Sivyo. Vijana waliondoka, lakini wenyeji walikwisha kujifunza kukutana, kusoma hati na kudai haki kwa njia ya sheria. Walishindwa mara nyingi wasikate tamaa, na mwezi wa Novemba, 1988, wapiga kura wa Kentucky walibadili katiba ya jimbo lao, mwenye hati ya zamani asiweze tena kupasua shamba la mtu pasipo idhini yake. Ushindi huo ulikuja miaka 21 baada ya mkulima yule kusimama mbele ya mashine, na walioupata ni wenyeji wenyewe.

6. Mafundisho. Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hawakusema mgeni aje atawale, wala hawakusema akae milele. Basi kijana atakaye kuingia katika utumishi wa nchi, popote alipo, na ashike mambo matatu. Kwanza aulize kabla ya kutenda, maana mwenyeji ndiye ajuaye mahali pamwumapo. Pili, kila kazi aifanyayo aifanye pamoja na mwenyeji mmoja atakayebaki nayo, ama hesabu, ama barua, ama mkutano. Tatu asistaajabu akichukiwa, kwa sababu umaskini wa wengi mara nyingi ni faida ya wachache, na wachache hao hawatanyamaza.

Maswali ya kujadiliana barazani:
(a) Kwa nini kupaka rangi shule hakukutosha?
(b) Ni kazi gani kijijini kwetu iliyokufa alipoondoka aliyeianzisha, na ilikosa nini?
(c) Ni nani miongoni mwetu awezaye kutusomea hati kabla hatujatia sahihi?